Rangi ya Kijani Haitoshi: Hadubini Kando ya Bwawa la Samaki

Mafunzo ya ufugaji wa samaki Afrika Mashariki, yawe ya Morogoro, Kisumu au Kajjansi, yana somo moja lisilokosekana: maji ya bwawa yawe ya kijani. Mfugaji hufundishwa kutia samadi, kusubiri siku kadhaa, kisha kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni maji yanapofika kiwikoni, bwawa liko tayari kupokea vifaranga. Kikionekana waziwazi, mbolea haijatosha. Kikipotea mapema mno, mbolea imezidi. Ni ushauri mzuri, haugharimu kitu, na aliyeusikia mara moja hausahau. Lakini kuna swali ambalo somo hilo huliruka: kijani hicho ni cha nani? Maji yenyewe hayana rangi hiyo. Rangi hutoka kwa viumbe wasiohesabika wanaoelea ndani yake, na viumbe hao hawali kitu kimoja, hawafi kwa sababu moja, wala hawamfai samaki kwa kiwango kimoja. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba maamuzi mazito ya mfugaji wa sato, perege au kambale, yaani atie mbolea ipi, aache lini, apandikize vifaranga siku gani na afanye nini samaki wanapougua, yanategemea aina ya viumbe hao na si wingi wao tu; na chombo rahisi kuliko vyote cha kumwonyesha aina hiyo ni hadubini ya kawaida, ya aina ile ile inayokaa kabatini katika maabara za sekondari ikisubiri msimu wa mitihani.

Swali la kijani ni cha nani lina umri wa miaka 350 na ushei. Mwaka 1674 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, alichota maji ya ziwa moja la karibu liitwalo Berkelse Mere, ambalo kila kiangazi maji yake yalichafuka yakaelea mawingu ya kijani. Wenyeji wa pale walikuwa na jibu lao: ni umande. Leeuwenhoek aliyatazama kwa lenzi ndogo aliyoitengeneza mwenyewe, akakuta nyuzi za kijani zilizojisokota kwa mpangilio na vijidudu vikienda mbio huku na huko, akawaandikia wanazuoni wa Royal Society jijini London. Elimu ya viumbe vidogo vya majini, basi, haikuanzia kwenye damu wala kwenye ugonjwa. Ilianzia kwenye maji kama haya tunayoyazungumzia, na maelezo ya kwanza iliyoyaangusha yalikuwa ya watu waliokaa kando ya maji hayo maisha yao yote. Si kwamba watu wale hawakuwa makini. Jicho la binadamu huishiwa nguvu kwenye kitu kilicho kidogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita, na karibu kila kinachoamua hatima ya bwawa kiko chini ya kipimo hicho.

Bwawa la udongo ni shamba la mwani kwanza, la samaki baadaye. Samadi inayotiwa pembeni huoza, ikatoa naitrojeni na fosforasi. Mwani hutumia virutubisho hivyo pamoja na jua kujijenga. Chukua tone la maji mazuri ya bwawa, ulikuze mara 400, utaona Chlorella, vidonge vya kijani vyenye upana wa sehemu chache za elfu za milimita. Scenedesmus, ambao seli zao hupenda kushikamana nne nne. Euglena akiogelea kwa mkia mwembamba, mwenye doa jekundu linalomsaidia kufuata mwanga. Na diatomu za rangi ya kahawia ndani ya magamba yao ya silika. Shusha ukuzaji hadi mara 40 au 100 na walaji wa mwani huo watajitokeza: rotifa wenye shada la vinyweleo linalozunguka mdomoni, viroboto-maji wa jamii ya Moina na Daphnia, kopepodi wenye jicho moja katikati ya kichwa. Kundi hili lote huitwa planktoni. Mwani wake hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: hulisha, moja kwa moja au kupitia hao walaji wadogo, hutoa sehemu kubwa ya oksijeni ambayo samaki huvuta, na hufyonza amonia inayotokana na kinyesi cha samaki. Anayesema anafuga sato anasema nusu ya habari.

Sasa chukua mabwawa mawili yenye kijani kile kile, kizito kidogo na chenye ubuluu. Mkono unapotea pale pale kiwikoni. Katika la kwanza hadubini inaonyesha Anabaena, minyororo ya seli za duara, na katikati ya minyororo hiyo seli chache kubwa kidogo, angavu, zenye kuta nene. Seli hizo huitwa heterosisti. Ndani yake Anabaena hunasa naitrojeni ya hewa, kazi inayomgharimu nguvu nyingi, kwa hiyo hazijengi ovyo. Huzijenga naitrojeni iliyoyeyuka majini inapokuwa haba. Bwawa hilo linasema jambo moja waziwazi: fosforasi ipo, naitrojeni imepungua. Samadi ya kuku, yenye fosforasi nyingi ikilinganishwa na naitrojeni yake, huweza kulifikisha bwawa hapo ikitumika peke yake kwa muda mrefu. Katika bwawa la pili hadubini inaonyesha Microcystis, vijiseli vidogo sana vilivyorundikana ndani ya ute, mafungu yasiyo na umbo maalumu, na vina vifuko vya hewa vinavyoviwezesha kuelea juu na kuwafunika wengine kivuli. Hawa hawana heterosisti na hawanasi naitrojeni ya hewa. Hustawi pale virutubisho vilipojaa tele, maji yakiwa ya moto na yametulia. Wote wawili ni wa jamii ya sianobakteria, rangi yao ni moja, na dawa zao zinapingana: la kwanza linahitaji naitrojeni kidogo, la pili linahitaji kunyimwa mbolea, kupunguziwa chakula na kubadilishiwa sehemu ya maji. Mfugaji anayefuata rangi peke yake atayatendea mabwawa yote mawili sawasawa, na kwa moja kati ya hayo atakuwa anaongeza kosa. Zaidi ya hayo, baadhi ya Microcystis hutengeneza sumu inayodhuru ini, ambayo kuchemsha maji hakuiondoi. Wakazi wa kando ya Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, wanayafahamu matandazo yake ya kijani yanayosukumwa ufukweni. Ng'ombe wanaonyweshwa bwawani nao wamo katika hesabu hii.

Hapa mtu anaweza kupinga kwa hoja nzuri: sato hula vyote, kwa nini tusumbuke na majina? Ni kweli kwamba sato ana uwezo wa ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti D. J. W. Moriarty, akifanya kazi katika Ziwa George nchini Uganda, alionyesha kwamba tumbo la sato huzalisha asidi kali kiasi cha pH kushuka chini ya 2, na asidi hiyo ndiyo inayopasua seli za sianobakteria ambazo samaki wengi huzitoa kama walivyozimeza. Ila utafiti huo huo una sehemu ya pili isiyotajwa sana. Asidi haipo muda wote. Samaki anapoanza kula asubuhi tumbo lake bado halijakolea, na mwani wa kwanza hupita ukiwa bado wa kijani. Kadiri anavyoendelea kula ndivyo asidi inavyopanda na usagaji unavyokuwa bora. Isitoshe, uwezo huo ni wa samaki aliyekua. Kifaranga wa sato huanza maisha akitegemea zaidi rotifa na walaji wengine wadogo, ndipo baadaye ahamie kwenye mwani. Bwawa lililosheheni Microcystis na lisilo na rotifa linaweza kuwa meza iliyojaa kwa samaki wa gramu 100 na njaa kwa kifaranga wa gramu moja, ingawa wote wawili wanaogelea katika kijani kile kile.

Ziwa Victoria linatoa ushahidi mpana zaidi, ingawa ni wa kutumia kwa tahadhari. Ngege wa asili wa ziwa hilo, Oreochromis esculentus, alikuwa mlaji wa mwani, na diatomu zilikuwa sehemu kubwa ya riziki yake. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, virutubisho kutoka mashambani na mijini vilipoongezeka, diatomu zilizokuwa zikitawala zilipungua na sianobakteria wakachukua nafasi. Ngege naye akatoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, akabaki kwenye maziwa madogo ya pembeni. Kusema kwamba badiliko la mwani ndilo lililommaliza kutakuwa kupotosha: nyavu za makila zilikuwa zimeanza kumpunguza tangu mapema karne hiyo, na sangara na sato walioletwa kwenye miaka ya 1950 walimzidi nguvu. Lakini ziwa halikukosa kijani. Lilikuwa na kijani zaidi kuliko zamani. Kilichobadilika ni aina, na kama watafiti wasingetazama maji na matope ya ziwa kwa hadubini, badiliko hilo lingeingia kwenye kumbukumbu kama neema ya rutuba.

Suala la oksijeni ndilo linaloua samaki wengi kwa mpigo mmoja, nalo huwashtua wafugaji kwa sababu huja usiku. Mchana mwani hutoa oksijeni. Jua likizama, mwani huo huo huanza kuivuta pamoja na samaki, bakteria na kila kilicho hai, na kiwango cha chini kabisa hufikiwa kabla ya mapambazuko. Samaki wanaoonekana alfajiri wamejaa juu ya maji wakihema kwa midomo ndio dalili iliyozoeleka. Hatari kubwa zaidi hutokea mwani unapokufa wote kwa pamoja, kwa kuwa kilichokuwa kikitoa oksijeni sasa kinaoza na kuila. Mwani wa aina nyingi mchanganyiko hauelekei kufa wote kwa siku moja. Aina moja ikidhoofika, nyingine hushika zamu. Bwawa lililotawaliwa na aina moja tu halina bima hiyo. Hadubini huonyesha utawala huo wiki kadhaa kabla ya msiba, na huweza kuonyesha hata mwanzo wa msiba wenyewe: seli zilizopauka na kunywea, vipande vya seli zilizopasuka, na bakteria pamoja na protozoa wakizagaa kati ya mabaki wakati rangi ya maji kwa macho bado haijabadilika sana. Kuna pia kifo cha aina nyingine, hasa kwenye mabwawa ya kulelea vifaranga: viroboto-maji huzaliana kupita kiasi, wakala mwani wote, na maji yakang'aa. Mfugaji huona maji safi akafurahi. Kumbe kiwanda cha oksijeni kimefungwa.

Pahali ambapo hoja ya hadubini haina mpinzani wa maana ni kwenye uzalishaji wa vifaranga vya kambale. Kambale anayetoka kwenye yai hubeba kiini kinachomtosha kwa takriban siku 3. Baada ya hapo lazima ale, na tumbo lake bado halijakamilika, kwa hiyo chakula kikavu cha unga hakimsaidii sana. Anahitaji chakula hai kinachoingia kwenye mdomo mdogo mno. Vituo vingi hutumia Artemia, kijidudu cha maji ya chumvi ambacho mayai yake makavu huuzwa kwenye makopo, sehemu kubwa yakivunwa Great Salt Lake nchini Marekani, na bei yake mfugaji wa Mwanza au Kisumu huilalamikia kwa haki. Rotifa na Moina wa bwawani wanaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila fedha za kigeni, ila wana masharti ya muda. Bwawa jipya likijazwa na kutiwa mbolea, kwa kawaida rotifa hutangulia kwa sababu huzaana upesi bila hata kuhitaji dume, kisha hufuata viroboto-maji, na baadaye kopepodi wa jamii ya Cyclops hushamiri. Rotifa ni chakula cha kifaranga. Cyclops, kwa kifaranga wa siku chache, ni mshambuliaji. Kati ya hali hizo mbili zinaweza kupita siku chache tu, na macho matupu hayazitofautishi. Hesabu yake ni nyepesi: chuja lita 20 za maji, zilizochotwa sehemu mbalimbali za bwawa, kwa wavu wenye matundu ya mikromita 60, zibakize mililita 100, chukua mililita 1 uhesabu. Ukikuta rotifa 50, bwawa lina rotifa 250 kwa kila lita. Hesabu hiyo ikirudiwa kila siku kwa juma la kwanza, siku ya kupandikiza inajulikana badala ya kubahatishwa.

Kuna wanaoanza safari ya hadubini kwenye magonjwa, nadhani kwa sababu ugonjwa ndio unaomsukuma mtu kutafuta mtaalamu. Samaki anayejisugua kwenye kuta, anayejitenga, anayekusanyika kwenye bomba la maji mapya anaweza kuwa na Trichodina, kijidudu cha duara chenye mzingo wa meno kinachozunguka bila kutulia. Anaweza kuwa na minyoo ya matamvua ya jamii ya Dactylogyrus. Anaweza kuwa na Ichthyophthirius, anayetambulika kwa kiini kilichopinda mithili ya kwato. Kwa nje dalili zinafanana. Ukikwangua ute wa ngozi na kipande kidogo cha tamvua, ukavitazama vingali vibichi, tofauti huonekana dakika hiyo hiyo, na tofauti hiyo ina matokeo. Trichodina wengi mara nyingi ni lawama kwa maji yaliyojaa uchafu na samaki waliobanana, na tiba yake huanzia kwenye maji. Ichthyophthirius akiwa chini ya ngozi dawa ya majini haimfikii, hivyo kutibu mara moja ni kupoteza dawa. Lazima kurudia ili kumkuta anapotoka kuogelea. Hata hivyo hapa ndipo chombo hiki kinapoweza pia kumdanganya anayekitumia, kwa sababu samaki mzima wa bwawani huwa na vimelea wawili watatu na haumwi. Anayeona kimelea kwa mara ya kwanza hutamani kukiua. Kukiona si kukihukumu; idadi yao, hali ya samaki na hali ya maji ndivyo vinavyohukumu.

Na kuna ambavyo havionekani kabisa. Mwaka 1873 Ernst Abbe alieleza kwa nini hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban sehemu ya elfu tano ya milimita, na hakuna kioo cha bei yoyote kinachoikwepa sheria hiyo. Virusi vya sato vijulikanavyo kama TiLV, vilivyoelezwa kitaalamu mwaka 2014 na kuripotiwa mwaka 2018 kwa samaki wa Ziwa Victoria, viko chini ya mpaka huo. Bakteria wa jamii ya Streptococcus wanaonekana kwa kukuzwa mara 1,000 na kutiwa rangi, lakini kuwataja kwa jina ni kazi ya maabara. Sumu ya Microcystis nayo haionekani. Anaonekana mwenye uwezo wa kuitengeneza tu. Wapo wanaohitimisha kutokana na haya kwamba chombo chenye upofu kiasi hicho hakifai kuwekwa mikononi mwa watu wa kawaida. Mimi nahitimisha kinyume chake. Samaki wakifa kwa wingi na hadubini isionyeshe vimelea kwenye matamvua wala mwani ulioporomoka, tayari tumeondoa sababu mbili zilizozoeleka na tuna hoja ya kupeleka sampuli maabara kuu mapema. Bila hatua hiyo, kila kifo huitwa kukosa hewa.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la sahani ya Secchi. Padri Angelo Secchi, mnajimu wa Italia, alizamisha sahani nyeupe kwenye Bahari ya Mediterania mwaka 1865 ili kupima uangavu wa maji, na hadi leo sahani ya sentimita 20 iliyofungwa kwenye kamba au fimbo ni kipimo cha bei ya bure. Wataalamu wa mabwawa hupendekeza ipotee machoni kwenye sentimita 30 hivi. Kwa nini tutake zaidi? Kwa sababu ile ile inayofanya muuguzi asiishie kwenye kipimajoto. Joto la mwili linathibitisha kwamba mgonjwa ana homa. Haliamui kama ni malaria, na ndiyo maana damu huchukuliwa kwenye kioo. Secchi hupima kiasi cha vitu vinavyozuia mwanga, viwe Scenedesmus, Microcystis au udongo wa mvua ya jana. Vipimo hivi viwili havishindani: sahani itumike kila siku, hadubini mara moja kwa wiki, na mara nyingi zaidi pale sahani inapobadilika ghafla. Niongeze jambo moja linalosahaulika: sahani ni bora kuliko mkono pia kwa afya. Kingo za bwawa zenye magugu hukaliwa na konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake vyenye mkia wa panda hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Hadubini huweza kuvionyesha vikiwa majini, lakini kutovikuta kwenye tone moja hakumaanishi havipo.

Wafugaji wa kibiashara wana pingamizi lao: wakati wa samadi umepita, siku hizi samaki analishwa chakula cha punje zinazoelea, planktoni hana kazi. Kwa vizimba vya ziwani nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kwa bwawa la udongo sikubali, na sababu iko kwenye chakula chenyewe. Katika naitrojeni yote inayoingia bwawani kupitia chakula cha punje, kinachoishia kwenye mwili wa samaki ni takriban robo hadi theluthi. Inayobaki hutoka kama amonia na kinyesi, au huoza na punje zisizoliwa, yaani hugeuka mbolea ambayo hakuna aliyekusudia kuitia. Mfugaji huyo analima mwani mwingi kuliko jirani yake wa samadi, tena kwa gharama kubwa, maana chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama zake za uendeshaji. Mabwawa yanayolishwa sana ndiyo yanayoelekea kwenye Microcystis na kwenye vifo vya alfajiri. Anayelisha zaidi ana haja zaidi ya kujua analisha nani.

Linabaki la gharama na ujuzi, ambalo husemwa kwanza na kwa sauti kubwa kuliko yote. Hadubini ya mwanafunzi yenye ukuzaji wa mara 40 hadi 400 haikaribii gharama ya kuchimba bwawa moja, na si lazima kila mfugaji awe nayo. Kikundi cha wafugaji wa kata moja kinatoshelezwa na moja. Tangu mwaka 2014, Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wameonyesha kwamba hata hadubini ya karatasi ya kukunja, waliyoiita Foldscope, inayokuza mara 140, inaweza kutengenezwa kwa vifaa vya bei isiyofikia dola moja. Kwa rotifa na kwa Microcystis inafaa, kwa vimelea vya matamvua inabana. Kuhusu ujuzi, kuna jambo linalonishangaza kwamba halisemwi. Afrika Mashariki haina upungufu wa watu wanaojua hadubini. Zahanati na vituo vya afya vijijini vimekuwa na watu wanaosoma vimelea vya malaria kwenye damu kwa kukuza mara 1,000, kazi ngumu kuliko kutambua Anabaena kwa mara 400. Vipimo vya haraka vya malaria vimewapunguzia kazi hiyo baadhi yao, lakini macho yaliyozoezwa bado yapo. Wahitimu wa FETA, wakala wa serikali ya Tanzania wa mafunzo ya uvuvi, wa Mbegani na Nyegezi nao wanatoka na msingi wa kutosha. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi yaliyochaguliwa, kila bwawa mita za mraba 300. Mengi yaliachwa baadaye. Sidai hadubini ingeyaokoa. Yalikabiliwa pia na uhaba wa chakula bora, wa vifaranga na wa soko. Lakini bajeti iliyoweza kulipia uchimbaji huo haikosi nafasi ya hadubini moja kwa kila kikundi.

Kinachokosekana kwa kweli ni picha. Vitabu vya kutambulisha planktoni viko kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, vingi vimejengwa juu ya maziwa ya nchi za baridi, na vimeandikwa kwa ajili ya mwanasayansi anayetaka jina kamili la spishi. Mfugaji hahitaji spishi. Anahitaji kutofautisha makundi kama kumi na mawili, kila moja likiwa na picha iliyopigwa kwenye maji ya mabwawa yetu kwa ukuzaji unaojulikana, na chini yake sentensi mbili tatu za Kiswahili zinazosema likiwa jingi lina maana gani na hatua ipi ifuate. Taasisi za utafiti wa uvuvi za Sagana nchini Kenya, Kajjansi nchini Uganda na TAFIRI ya Tanzania zina watafiti ambao kazi yao imewakutanisha na makundi haya mara nyingi, na picha za baadhi yake wanazo tayari kwenye kompyuta zao kwa ajili ya makala za majarida. Chati ya karatasi moja iliyopakwa plastiki ili isilowane, ikabandikwa ukutani karibu na hadubini, haihitaji utafiti mpya. Inahitaji mtu mmoja wa kuipanga na mwingine wa kukubali kuilipia uchapaji.